Kampasi Sita Kusini mwa Potomac: Chuo cha Jamii cha Kaskazini mwa Virginia na Miaka 30 ya Richard Ernst

Chuo cha Jamii cha Kaskazini mwa Virginia, ambacho wakazi wa eneo la Washington wanakiita NOVA, kilianza kufundisha mwaka 1965 katika jengo moja pale Bailey's Crossroads kikiwa na wanafunzi 761. Wakati huo kilikuwa chuo cha ufundi tu. Leo kina kampasi sita zilizotawanyika kutoka viunga vya Alexandria hadi mashamba ya zamani ya Loudoun, ndicho kikubwa kuliko vyuo vyote vya aina yake katika jimbo la Virginia, na ni miongoni mwa vikubwa kabisa Marekani. Sehemu kubwa ya ukuaji huo ilitokea chini ya mkuu mmoja, Richard J. Ernst, aliyeshika uongozi mwaka 1968 na kustaafu mwaka 1998. Njia nyepesi ya kuielewa kazi yake ni kuzizungukia kampasi zenyewe, kwa mpangilio unaokaribia ule ambao zilijengwa.

Bailey's Crossroads ni njia panda ya barabara mbili kongwe, Leesburg Pike na Columbia Pike. Kutoka kituo cha treni cha Pentagon kuna mabasi yanayokwenda huko kupitia Columbia Pike, na safari si ndefu. Jina la mahali linatokana na Hachaliah Bailey, mtu wa maonyesho ya wanyama aliyenunua ardhi hapo mwaka 1837. Nilipofika nilikuta maduka ya jumla, vituo vya mafuta, mikahawa ya Wasalvador na magari yasiyokwisha. Hapohapo, mwaka 1957, Chuo Kikuu cha Virginia kilifungua tawi dogo katika jengo la shule ya msingi iliyoachwa. Tawi hilo baadaye lilihamia Fairfax, likapata uhuru wake mwaka 1972 na sasa linaitwa Chuo Kikuu cha George Mason. Kwa hiyo taasisi mbili kubwa za elimu za kaskazini mwa Virginia zilizaliwa kwenye njia panda moja, ndani ya muongo mmoja, na kila moja ikashika njia yake. Tofauti ya njia hizo itarudi mbele.

Haja ya chuo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeitazama ramani. Chuo Kikuu cha Virginia kiko Charlottesville, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari. Kile cha ufundi na kilimo kiko Blacksburg, milimani kusini magharibi, mbali zaidi ya hapo. Wakati huohuo watu walikuwa wanamiminika kando ya mji mkuu. Uwanja wa ndege wa Dulles ulifunguliwa mwaka 1962 katikati ya mashamba. Barabara ya mzunguko inayoizingira Washington ilikamilika mwaka 1964. Kaunti ya Fairfax, iliyokuwa na watu wapatao 275,000 mwaka 1960, ilifikia 455,000 mwaka 1970 na kuvuka 800,000 mwaka 1990. Wengi wao walikuwa watumishi wa serikali kuu, wanajeshi na wafanyakazi wa makampuni yanayoishi kwa zabuni za serikali. Watoto wao walimaliza sekondari wakakuta hakuna chuo cha umma cha bei nafuu karibu na nyumbani.

Jambo la pili lilikuwa la kisiasa, na halisemwi mara nyingi katika vipeperushi vya chuo. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuharamisha utengano wa rangi shuleni mwaka 1954, wanasiasa wa Virginia walipitisha sheria za kuuzuia uamuzi huo, hata kwa kufunga shule zilizokuwa tayari kupokea watoto weusi. Kaunti ya Prince Edward ilifunga shule zake za umma kuanzia mwaka 1959 hadi 1964. Sera hiyo ilianza kuvunjika upande wa kaskazini: Februari 1959 wanafunzi wanne weusi waliingia shule ya Stratford huko Arlington. Miongoni mwa watetezi wakubwa wa sera ile alikuwa seneta wa jimbo Mills Godwin. Alipokuwa gavana mwaka 1966, ni huyohuyo aliyeshawishi bunge la jimbo likubali kodi ya mauzo ili kugharimia elimu, na likaunda mfumo wa vyuo vya jamii vya Virginia. Jimbo lililokuwa limezoea kufunga milango likaanza kutengeneza vyuo ambavyo kanuni yake ya kwanza ni kutomkatalia mtu mlangoni. Msimamizi wa kwanza wa mfumo huo, Dana Hamel, alipewa shabaha rahisi kuitamka: kila mkazi wa jimbo awe na chuo anachoweza kukifikia kila siku akitokea nyumbani. Mapema miaka ya 1970 vyuo vilikuwa vimefika 23. Kile cha ufundi cha Bailey's Crossroads kiliingizwa humo mwaka 1966, kikapewa jina lake la sasa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji maelezo kidogo kuhusu chuo cha jamii ni nini, kwa kuwa hakilingani kabisa na kitu chochote chetu. Kinatoa shahada ya miaka miwili, ambayo mwenye nayo anaweza kuhamia chuo kikuu na kuingia mwaka wa tatu. Kinatoa pia vyeti vya ufundi vya muhula mmoja au miwili, masomo ya Kiingereza kwa wageni, na kozi za jioni kwa mtu mzima anayetaka kubadili kazi. Kwa kawaida hakina mabweni, wanafunzi wanatoka nyumbani au kazini. Kukubaliwa si mashindano: mwenye cheti cha sekondari anaingia, na anayehitaji msaada wa hesabu au kuandika anaupata akiwa ndani. Kwa Tanzania, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza mwaka 1975 vina roho inayokaribiana na hiyo, ila havikupewa daraja la kumpeleka mwanafunzi chuo kikuu. Daraja hilo ndilo linalokipa chuo cha jamii heshima yake machoni pa wazazi.

Kampasi ya kwanza ya kudumu iko Annandale, magharibi kidogo ya barabara ya mzunguko, kando ya barabara iitwayo Little River Turnpike. Ekari 78 zilinunuliwa mwaka 1966 na jengo la kwanza likafunguliwa mwaka 1967, wakati mkuu wa kwanza, Robert McKee, bado yuko madarakani. Ernst alipofika mwaka uliofuata alikuta kampasi moja changa, foleni ya wanaotaka kujisajili, na mpango mkuu uliokuwa unaandaliwa wa kuwa na kampasi tano au zaidi.

Annandale ya leo ni mji wa Wakorea. Vibao vya mikahawa, makanisa, madaktari wa meno na maduka ya vipodozi vimeandikwa kwa herufi zao, na harufu ya nyama ya kuchoma inamfuata mtu barabarani. Kampasi yenyewe imekaa pembeni, matofali mekundu na zege la miaka ya 1960 na 1970, miti mirefu, na maegesho makubwa kuliko majengo. Kituo cha utamaduni cha kampasi, chenye ukumbi wa tamthilia, kimepewa jina la Ernst. Ni heshima ya kadiri kwa mtu aliyekaa miaka 30.

Mengi ya aliyoyafanya hayaonekani kwa macho ya mpita njia, kwa sababu yalikuwa kazi ya mabaraza na mikataba. Chuo cha jamii Virginia ni mali ya jimbo, na jimbo ndilo linalolipa majengo na mishahara. Lakini serikali za mitaa zinatakiwa kubeba gharama za kuandaa eneo: kusawazisha ardhi, barabara za ndani, taa, maegesho. NOVA inahudumia serikali za mitaa tisa: kaunti za Arlington, Fairfax, Loudoun na Prince William, pamoja na miji ya Alexandria, Fairfax, Falls Church, Manassas na Manassas Park. Kila moja ina baraza lake, bajeti yake na wapiga kura wanaouliza kwa nini walipie maegesho ya kampasi iliyo kaunti nyingine. Kila moja inapeleka wajumbe katika bodi ya chuo. Mkuu wa chuo alipotaka jengo moja alilazimika kuishawishi bodi hiyo, kisha makao makuu ya mfumo huko Richmond, kisha gavana, kisha bunge. Na magavana wa Virginia hawaruhusiwi kushika vipindi viwili mfululizo. Tangu Ernst alipoingia hadi alipotoka, kiti cha gavana kilibadilika kila miaka minne, kutoka kwa Godwin hadi kwa Jim Gilmore, akiwemo Douglas Wilder, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchaguliwa gavana katika nchi hiyo. Kila gavana alikuja na vipaumbele vyake. Mkuu wa chuo alibaki.

Nadhani hapo ndipo penye siri ya ukuaji wenyewe. Taasisi za umma zinapenda kusifiwa kwa maono ya kiongozi, lakini ardhi inayonunuliwa leo inapata jengo baada ya miaka mitano, wanafunzi wa kujaza jengo wanakuja baada ya miaka kumi, na faida inaonekana baada ya ishirini. Kiongozi anayebadilishwa kila miaka mitatu anafungua miradi asiyoimaliza. Ernst alikaa muda wa kutosha kununua, kujenga, kujaza na kukarabati.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulifanyika mapema. Badala ya vyuo kadhaa vidogo vinavyojitegemea, eneo zima liliendelea kuwa na chuo kimoja chenye kampasi nyingi, kila kampasi na msimamizi wake aliye chini ya mkuu mmoja. Mwanafunzi anaweza kusoma hesabu Alexandria asubuhi na historia Annandale jioni, na krediti zote zikahesabiwa mahali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampasi nne mpya zilianza kufundisha katika majengo ya muda, na majengo ya kudumu yakafuata kabla ya muongo kwisha: Alexandria, Manassas, Woodbridge na Loudoun. Tatu za mwisho zilipewa kiasi cha ekari 100 kila moja, katika maeneo ambayo wakati ule mtu wa Washington aliyaona kuwa shamba tupu.

Alexandria ndiyo kampasi iliyo karibu zaidi na mji mkuu, na ndiyo ambayo Mwafrika Mashariki atajisikia nyumbani haraka zaidi. Iko upande wa magharibi wa jiji, mbali na mtaa wa kale wa watalii kando ya mto. Jirani yake kuna Southern Towers, majengo marefu ya kupanga ambamo Wahabeshi, Waeritrea na Waafrika wengine wamekaa kwa miongo, na madereva wa teksi wa eneo hilo walijulikana kwa kuishi hapo. Katika korido za kampasi nilisikia Kiamhari, Kiarabu, Kihispania, Kisomali, na mara moja Kiswahili cha Nairobi kikilalamikia mtihani wa takwimu. Sehemu ya mchanganyiko huo inatokana na sheria ya wakimbizi ya Marekani ya mwaka 1980 na vita vya Pembe ya Afrika. Kabla yao walitangulia Wavietnam waliofika baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, waliokaa kwanza Arlington kisha wakajenga soko lao maarufu la Eden Center huko Falls Church. Kwa kila wimbi jipya la wageni, darasa la Kiingereza katika chuo cha jamii limekuwa mlango wa kwanza, na chuo kilichopangwa kwa ajili ya watoto wa watumishi wa serikali kikajikuta ni chuo cha dunia nzima. Sidhani kuna aliyelipanga hilo mwaka 1968. Ila kampasi ilikuwa tayari ipo walipofika.

Kampasi hiyo imepata pia umaarufu wa kisiasa uliokuja baada ya Ernst. Jill Biden alifundisha uandishi wa Kiingereza NOVA, katika kampasi ya Alexandria, kuanzia mwaka 2009 mumewe alipokuwa makamu wa rais, akaendelea hata alipokuwa mke wa rais, na kuaga darasa lake la mwisho Desemba 2024. Tarehe 30 Machi 2010 Rais Barack Obama alitia saini hapo sheria iliyokamilisha mageuzi ya bima ya afya, ambayo pia iliondoa benki binafsi katikati ya mikopo ya wanafunzi inayodhaminiwa na serikali na kutenga dola bilioni 2 kwa ajili ya mafunzo katika vyuo vya jamii. Miaka miwili baadaye alizindua mapendekezo ya bajeti katika kampasi ya Annandale. Wanasiasa wanapenda kupigia picha chuo kilicho umbali mfupi kutoka Ikulu, na hilo si jambo la kulibeza: fedha hufuata macho.

Kwenda Manassas ni kuondoka mjini. Barabara inapita vitongoji vya nyumba zinazofanana, kisha ghafla inafunguka kwenye malisho na uzio wa mbao. Kampasi imepakana na hifadhi ya uwanja wa vita wa Manassas, ambako majeshi ya Kaskazini na Kusini ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani yalipigana Julai 1861 na tena Agosti 1862. Mizinga ya zamani imepangwa nyasini, na ng'ambo ya barabara wanafunzi wanatafuta nafasi ya kuegesha. Kwa kuwa hifadhi haiwezi kujengwa, kampasi ina ujirani wa kijani ambao thamani yake imeongezeka kadiri mji ulivyoisogelea.

Woodbridge iko kusini, upande wa Prince William unaoelekea mto Potomac, karibu na barabara kuu ya I-95 inayojulikana kwa foleni zake. Wakazi wa huko wanafanya kazi Pentagon na katika kambi za jeshi, na wengi ni familia za wanajeshi au wastaafu wanaosoma kwa malipo ya serikali kwa waliotumikia jeshi. Hapo yanafundishwa, pamoja na masomo ya kawaida, mambo ya viyoyozi na mitambo ya joto, kazi isiyokosa mteja katika mji wenye joto la Julai na baridi ya Januari. Mwenye cheti hicho anaweza kupata ujira unaomzidi mwenye shahada ya sanaa, na wazazi wengi wa Kiafrika wanachelewa kulijua hilo kwa sababu ndoto yao inaishia kwa daktari na mhandisi.

Kampasi ya Loudoun, huko Sterling, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba mpango wa miaka ya 1970 ulikuwa wa kubahatisha mbele. Kaunti hiyo ilikuwa na watu wapatao 37,000 mwaka 1970. Mwaka 2020 walihesabiwa zaidi ya 420,000. Kampasi ilijengwa wakati wa ng'ombe na farasi, na bado ina masomo yanayotokana na asili hiyo: mafundi wa tiba ya wanyama, na kilimo cha bustani. Nje ya lango, hata hivyo, farasi wamepisha majengo marefu yasiyo na madirisha, vituo vya data ambavyo vimeifanya Loudoun kuwa moja ya njia panda kubwa za intaneti duniani. Chuo kimefuata: sasa kinafundisha uendeshaji wa vituo hivyo na kompyuta za wingu. Mtu anayelinganisha umri wa kampasi na idadi ya watu ataona kwamba chuo kilitangulia mji. Ukingoja watu wajae ndipo utafute ekari 100, utazinunua kwa bei ya kuvunja bajeti, au hutazipata.

Kulikuwa na upanuzi mwingine usio na majengo. Katikati ya miaka ya 1970 chuo kilianzisha kitengo cha masomo ya mbali, kikitumia posta, simu na televisheni, kwa ajili ya watu wenye zamu za kazi, wanajeshi wanaohamishwa na akina mama wenye watoto wadogo. Ndicho kilichozaa masomo ya mtandaoni ya NOVA.

Miaka ya mwanzo ya 1990 haikuwa ya raha. Uchumi uliyumba, jimbo likakata ruzuku za elimu ya juu, ada zikapanda. Chuo cha jamii huumia mara mbili wakati kama huo, kwa sababu watu wanaopoteza kazi ndio wanaorudi darasani, na wanarudi fedha zikiwa zimepungua. Jibu la vyuo vingi Marekani, NOVA ikiwemo, limekuwa kuwategemea wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa kozi. Wengi ni wazuri, wengine ni wataalamu wanaotoka ofisini jioni kuja kufundisha, lakini mwanafunzi anayehitaji mtu wa kumshauri saa nane mchana hawezi kumpata. Ni doa la mfumo mzima, na miaka 30 ya uongozi thabiti haikuliondoa.

Doa jingine limejengwa katika ardhi yenyewe. Kampasi hizi zilipangwa kwa ajili ya gari. Treni ya chini ya ardhi ilianza kubeba abiria mwaka 1976, wakati maeneo yalikuwa yamekwisha kununuliwa, na njia zake hazikufika kwenye kampasi yoyote kati ya zile za kwanza. Nilizizunguka kwa basi kadiri nilivyoweza, na naweza kusema kwamba msichana anayetoka zamu ya usiku hotelini huko Arlington na ana somo Annandale anahitaji subira kubwa kuliko akili. Kutoka Alexandria hadi Loudoun ni zaidi ya kilomita 30. Kwa gari ni safari ya kawaida nje ya saa za foleni, kwa basi ni nusu siku.

Ernst alistaafu mwaka 1998. Aliyemfuata, Belle Wheelan, alikaa hadi 2001 kisha akawa waziri wa elimu wa jimbo. Kampasi ya sita, ya elimu ya afya, ilifunguliwa mwaka 2003 huko Springfield, mwanzoni mwa uongozi wa mkuu aliyefuata, Robert Templin. Hapo wanasomea uuguzi, usafi wa meno, picha za eksirei, tiba ya upumuaji na kazi nyingine za hospitali, na ndiyo kampasi iliyo karibu na kituo cha treni. Templin alikaa hadi 2015, na chini yake wanaosoma kwa krediti walizidi 70,000 kwa mwaka. Mchango wake wa kukumbukwa ulikuwa wa ndani zaidi kuliko majengo. Takwimu za vyuo vya jamii kote Marekani zinaonyesha kwamba wanaoingia ni wengi na wanaomaliza ni wachache. Mwaka 2005 NOVA, shule za sekondari za kaunti na Chuo Kikuu cha George Mason walianzisha mpango wa kumshika mkono mwanafunzi akiwa bado sekondari: mshauri wa chuo anakaa shuleni, anamsaidia kujaza fomu za msaada wa fedha, anampokea NOVA, na mwanafunzi akitimiza masharti nafasi ya George Mason inamsubiri. Scott Ralls, aliyeshika uongozi 2015, aliendeleza uhusiano huo, na tangu Januari 2020 chuo kinaongozwa na Anne Kress, mkuu wa sita katika historia yake.

Hapa tofauti ya njia mbili za Bailey's Crossroads inarudi. Tawi la chuo kikuu lilikua likawa chuo kikuu. NOVA haikugeuka. Katika miaka 30 ya Ernst chuo kilikuwa na wanafunzi wengi kuliko vyuo vikuu vingi vya Marekani, na bado kiliishia kwenye shahada ya miaka miwili. Kenya ilifuata njia nyingine: taasisi za ufundi zilizochangiwa kwa harambee, kama Kimathi na Murang'a, na politekniki za Nairobi na Mombasa, zilipandishwa kuwa vyuo vikuu mmoja baada ya mwingine. Tanzania ilifanya vivyo hivyo na chuo cha ufundi cha Mbeya. Kila kupandishwa kulishangiliwa, na kila mara nafasi za fundi mchundo zilipungua mahali palipokuwa pamejengwa kwa ajili yake. Kukataa kupanda cheo ni uamuzi wa kiongozi pia, ingawa huko Virginia sheria ya jimbo ilimsaidia kukataa.

Ng'ambo ya mto mambo yamepangwa tofauti. Maryland vyuo vingi vya jamii ni vya kaunti. Montgomery College kilianza mwaka 1946 kikifundisha jioni katika shule ya sekondari ya Bethesda-Chevy Chase, kwa wazungu. Mwaka 1950 kaunti ilifungua kingine cha weusi, Carver, huko Rockville, na utengano ukaisha mwaka 1956. Chuo cha Prince George's kilianza mwaka 1958 Suitland na kuhamia Largo. Kaunti tajiri inakipa chuo chake fedha nyingi kuliko jirani yake. Washington yenyewe ilichelewa kabisa: tawi la chuo cha jamii chini ya chuo kikuu cha jiji lilianzishwa mwaka 2009 tu. Ukivilinganisha, mfumo wa Virginia una urasimu mwingi zaidi na usawa mkubwa zaidi kati ya kampasi ya matajiri na ya maskini.

Anayehamia eneo hilo na kufikiria kusoma ajue mambo mawili. Ada ya mkazi wa Virginia ni ndogo sana kuliko ya mgeni, na ukazi kwa kawaida unahitaji miezi 12 mfululizo pamoja na hati za kuuthibitisha. Mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida hahesabiwi kuwa mkazi. Pili, si kila kozi inahamishika. Kabla ya kujisajili kozi ya kwanza, mtu aende kwa mshauri wa chuo na jina la chuo kikuu anachokilenga, aombe orodha ya kozi zinazokubaliwa huko, na achague kwa kuifuata orodha hiyo.